Damu Iliyovilia na Damu Iliyoganda: Dalili za Ngozi kwa Wagonjwa wa Limfoma kati ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, huweza kuvuruga kuganda kwa damu kwa njia mbili zinazopingana. Damu huweza kuvuja chini ya ngozi kwa sababu haigandi inavyopaswa. Au huweza kuganda ndani ya mishipa na kuinyima ngozi chakula na hewa. Hali zote mbili huacha mabaka meusi kwenye ngozi, lakini dawa inayookoa maisha katika hali ya pili inaweza kuua katika hali ya kwanza. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hizo, namna ya kuzitofautisha kwa macho, kwa mkono na kwa vipimo vichache, na nafasi ya lugha katika utambuzi huo. Mfano unaotumika ni njia ya rufaa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba usemi wa kila siku "damu imeganda" hubeba maana zote mbili, na kwamba istilahi za pamoja katika Kiswahili ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu muda mrefu zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Leo yana watu zaidi ya 100,000. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine ni Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na watu wa mataifa mengine. Katika mchanganyiko huo hakuna lugha ya mama inayowaunganisha wote. Kwa wakazi wengi, hasa waliotoka mashariki mwa Kongo, Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni, shuleni na kwenye foleni ya kituo cha afya.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kupata huduma za jamii, na Mpango Jumuishi wa Sekta ya Afya kwa Wakimbizi wa 2019–2024 ulilenga kuziunganisha huduma za makazi na mfumo wa afya wa taifa. Kwa hiyo, mkazi wa Nakivale anayeota uvimbe shingoni hufuata ngazi zilezile anazofuata raia: timu ya afya ya kijiji, kituo cha afya, kisha rufaa kwenda Mbarara, ambako hospitali ya mkoa ni pia hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kila ngazi huwa na msikilizaji mpya, na mara nyingi huwa na lugha mpya. Mgonjwa aliyejieleza kwa Kiswahili huandikiwa rufaa kwa Kiingereza, na wodini huenda akahudumiwa na muuguzi ambaye lugha yake ya kazi ni Kinyankole.

2.0 Limfoma katika historia ya tiba nchini Uganda

Uganda ina nafasi ya pekee katika elimu ya limfoma. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, uvimbe ambao baadaye uliitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 vielelezo vya uvimbe huo vilivyopelekwa Uingereza viliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kutambua virusi vinavyojulikana leo kama virusi vya Epstein-Barr. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala, nacho kikawa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo ilionekana kwamba baadhi ya limfoma huitikia vizuri dawa, hasa saiklofosfamidi, hata pale ambapo upasuaji hauwezekani.

Baadaye maambukizi ya VVU yaliongeza idadi ya watu wazima wenye limfoma, kwa kuwa kinga iliyodhoofika hutoa nafasi kwa aina kadhaa za ugonjwa huo, zikiwamo limfoma ya Burkitt na limfoma ya seli kubwa za B. Elimu kubwa imejengwa juu ya uvimbe wenyewe. Matatizo ya damu yanayoandamana nao, na alama yanazoacha kwenye ngozi, hayajapewa uzito huo, ilhali huweza kumwua mgonjwa kabla uvimbe haujafanya hivyo.

3.0 Mizani ya damu na jinsi limfoma inavyoivuruga

Katika mwili wenye afya damu hukaa kwenye mizani. Mshipa ukikatika, chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazoziba majeraha, hukusanyika haraka mahali palipokatika. Protini za kugandisha damu huamshana moja baada ya nyingine hadi faibrinojeni inapogeuka kuwa nyuzi za faibrini, nazo hulishika bonge lisisogee. Wakati huohuo, protini nyingine hulizuia bonge hilo lisienee na huliyeyusha kazi inapokwisha. Mizani ikielemea upande mmoja, mtu hutoka damu. Ikielemea upande wa pili, damu huganda isipotakiwa.

Limfoma huweza kusukuma pande zote mbili. Kwa upande wa kutoka damu, seli za saratani huweza kuujaza uboho wa mifupa na kuzikosesha chembe sahani mahali pa kutengenezwa. Dawa za saratani hupunguza uzalishaji huo kwa muda. Bandama iliyovimba huzikamata chembe sahani nyingi na kuzitoa kwenye mzunguko. Aidha, kinga ya mwili iliyopotoshwa na ugonjwa huweza kuzishambulia na kuziharibu. Hesabu ya kawaida ni chembe sahani 150,000 hadi 400,000 katika kila mikrolita ya damu. Kutoka damu kwa ghafla bila kuumia huanza kuwa hatari ya kweli hesabu inaposhuka chini ya 20,000 hivi.

Kwa upande wa kuganda, maelezo yaliyohusishwa na Rudolf Virchow tangu mwaka 1856 bado yanafaa: damu huganda mshipani pale mtiririko unapozorota, ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, au damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda. Limfoma hukusanya yote matatu. Tezi zilizovimba kifuani au nyongani hubana vena. Mgonjwa dhaifu hulala muda mrefu. Mipira ya kupitishia dawa na dawa zenyewe huumiza kuta za vena. Na seli za saratani huchochea protini za kugandisha damu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumlisha tafiti zenye wagonjwa wa limfoma zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba takribani wagonjwa 6 kati ya kila 100 walipata bonge la damu mishipani. Hili si jambo la nadra.

4.0 Alama kwenye ngozi

4.1 Damu iliyovilia

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa: kuvilia, yaani damu kukusanyika chini ya ngozi. Alama ya kwanza ni vidoa vidogo kama ncha ya pini, visivyozidi milimita chache, ambavyo huanzia miguuni au mahali panapobanwa na nguo. Haviumi, haviwashi wala haviinuki. Vikibonyezwa kwa bilauri ya kioo havififii, kwa kuwa damu imeshatoka nje ya mshipa. Mabaka mapana hufuata baada ya mguso mdogo au sindano. Mara nyingi ufizi hutoka damu, pua huvuja, na malengelenge ya damu huonekana ndani ya mashavu. Malengelenge hayo ya kinywani ni onyo kwamba damu huenda ikavuja pia ndani ya mwili.

4.2 Damu iliyoganda mshipani

Bonge likiziba vena kubwa ya mguu, mguu mmoja huvimba, huuma na hupata joto. Likiwa kwenye vena kubwa ya kifua, au tezi zikiibana vena hiyo, uso na shingo huvimba, na vena za kifuani hutokeza kama kamba. Vena za juujuu zikiganda, mkono huhisi uzi mgumu unaouma chini ya ngozi. Mwaka 1865 Armand Trousseau, mjini Paris, alieleza kwamba uzi wa namna hiyo unaohama kutoka mahali hadi mahali huweza kuashiria saratani iliyojificha.

Mishipa midogo ya ngozi inapoziba, sura hubadilika. Baka huwa na kingo zenye matawi, mfano wa wavu au ufa wa tope lililokauka. Huuma sana, tofauti na damu iliyovilia. Katikati yake huwa pamesinyaa au pameungua rangi, kisha huwa peusi na pakavu, kwa kuwa ngozi imekufa. Vidole, masikio na ncha ya pua huathirika zaidi pale ambapo limfoma imezalisha protini zinazoganda kwa baridi. Sababu nyingine ni kingamwili zinazoamsha kuganda kwa damu, na aina adimu ya limfoma ambayo seli zake hukua ndani ya mishipa yenyewe na kuiziba.

4.3 Hali zote mbili kwa pamoja

Hali ya hatari zaidi ni ile ambayo damu huganda katika mishipa midogo mwili mzima hadi chembe sahani na faibrinojeni vinakwisha, kisha mgonjwa huanza kutoka damu kila mahali. Hali hii, inayoweza kuitwa mgando uliotapakaa, hutokea katika limfoma kali, hasa maambukizi ya bakteria yanapoingia kwenye damu ya mgonjwa ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Ngozi huonyesha mabaka ya kuvilia na ngozi iliyokufa kwa wakati mmoja, na huenea kwa saa, si kwa siku.

4.4 Alama zinazoletwa na tiba

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuua ngozi ya mapaja, makalio au matiti katika siku chache za mwanzo, kwa kuwa hushusha kwanza protini moja inayozuia kuganda. Ndiyo sababu huanzishwa pamoja na heparini. Heparini nayo, kwa wagonjwa wachache, huamsha kinga inayosababisha mabonge huku chembe sahani zikishuka. Vinkristini ikivuja nje ya vena huunguza tishu na kuacha kidonda cheusi ambacho si cha kuganda kwa damu, ingawa hufanana nacho. Kwa hiyo, tarehe ya dawa ya mwisho na mahali ilipopitishwa ni taarifa zisizopaswa kukosekana katika barua ya rufaa.

5.0 Kuisoma ngozi nyeusi

Maelezo mengi ya vitabuni yametokana na ngozi nyeupe, ambako damu iliyovilia huonekana nyekundu. Katika ngozi nyeusi, damu hiyo huwa na rangi ya zambarau iliyokolea, ya hudhurungi au ya wino, na vidoa vidogo hupotea kabisa machoni pa mtu anayetafuta wekundu. Swali "Je, una madoa mekundu?" huweza kujibiwa "hapana" kwa ukweli kamili huku mgonjwa akivuja damu. Swali bora ni "Je, kuna mahali ngozi yako imebadilika rangi kuliko ilivyokuwa?"

Mahali pa kutazama ni kaakaa, ndani ya kope la chini, viganja, nyayo na chini ya kucha, ambako rangi ya ngozi haifichi damu. Mwanga wa mchana ni bora kuliko taa hafifu. Mkono hukamilisha kazi ya jicho: baka lililovilia huwa laini na bapa, uzi wa vena iliyoganda huwa mgumu, ngozi inayokufa huwa baridi, au huuma kabla haijapoteza hisia.

6.0 Magonjwa yanayofanana

Kusini-magharibi mwa Uganda, mtu mwenye homa na damu chini ya ngozi huibua kwanza hofu ya homa za virusi zinazosababisha kutoka damu, na hofu hiyo ina msingi. Ugonjwa wa Marburg uliwapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa Kabale mwaka 2016. Na mlipuko wa Ebola aina ya Sudan ulitangazwa Septemba 2022 ukianzia Mubende. Mhudumu anayemtenga mgonjwa kwanza na kuuliza baadaye anafuata utaratibu sahihi. Tatizo hutokea pale utengaji unapokuwa mwisho wa uchunguzi badala ya kuwa mwanzo wake. Tezi zilizovimba kwa wiki nyingi, kukonda na kutokwa jasho usiku ni historia ya ugonjwa ulioanza zamani, na mgonjwa wa namna hiyo anastahili hesabu ya damu akiwa humohumo karantini.

Magonjwa mengine huingia katika orodha hiyo. Sumu ya baadhi ya nyoka huvuruga kuganda kwa damu. Maambukizi ya bakteria wa uti wa mgongo huleta mabaka yanayoenea upesi. Malaria kali hushusha chembe sahani. Sakoma ya Kaposi hutoa mabaka ya zambarau yasiyofifia, lakini hukua kwa wiki na miezi, na mara nyingi huwa magumu. Kifua kikuu cha tezi hufanana na limfoma, na huchelewesha utambuzi wake pale dawa za kifua kikuu zinapoanzishwa bila kipande cha tezi kuchunguzwa. Katika hali hiyo lipo jambo jingine la kukumbukwa: rifampisini hupunguza nguvu ya warfarini na ya vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda.

7.0 Vipimo na uamuzi katika njia ya rufaa

Kituo cha afya kisicho na mashine ya kuhesabu chembe za damu bado kinaweza kufanya kipimo cha dakika 20, kinachojulikana zaidi katika tiba ya kuumwa na nyoka. Mililita 2 za damu ya vena huwekwa katika chupa safi na kavu ya kioo, huachwa bila kutikiswa kwa dakika 20, kisha chupa huinamishwa. Damu ikibaki majimaji, faibrinojeni imepungua mno. Kipimo hiki kina mpaka wake: damu inaweza kuganda vizuri chupani ilhali chembe sahani za mgonjwa zimekaribia kwisha. Jibu zuri halimwondolei mgonjwa mwenye vidoa haki ya rufaa. Sindano za msuli huepukwa, na aspirini na dawa za maumivu za jamii yake hazitolewi.

Mbarara, hesabu kamili ya damu na vipimo vya muda wa kuganda hutoa picha pana zaidi, na benki ya damu ya kanda iko mjini humo. Hesabu ya chembe sahani ndiyo huongoza matumizi ya heparini kwa mgonjwa wa saratani aliyepata bonge. Miongozo ya kimataifa huruhusu kipimo kamili cha dawa hesabu ikiwa 50,000 au zaidi. Hushauri kipimo kipunguzwe kati ya 25,000 na 50,000. Na kwa kawaida husimamisha dawa chini ya hapo. Katika mgando uliotapakaa, chembe na plazima huongezwa hasa kwa mgonjwa anayetoka damu, lakini tiba ya msingi ni kuondoa chanzo, yaani kutibu maambukizi na kuianza tiba ya limfoma bila kuchelewa.

8.0 Lugha kama sehemu ya utambuzi

Katika usemi wa kila siku, jeraha la ndani, alama ya kipigo na mguu uliovimba huweza vyote kuelezwa kwa maneno "damu imeganda". Mkalimani mwaminifu akiyatafsiri neno kwa neno, daktari husikia habari ya bonge mshipani na kufikiria heparini. Ikiwa mgonjwa alimaanisha damu iliyovilia kwa upungufu wa chembe sahani, dawa hiyo itamwongezea kuvuja, pengine hadi kwenye ubongo. Kinyume chake, mgonjwa mwenye bonge la kweli akieleweka kuwa amejigonga tu, hurudishwa nyumbani na bonge linaloweza kupanda hadi mapafuni.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha hali hizi. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuyatumia. Makala haya yanapendekeza maneno matatu: kuvilia, kwa damu iliyotoka mshipani na kukaa chini ya ngozi; kuziba, kwa bonge lililofunga mshipa; na kufa kwa ngozi, kwa sehemu iliyokosa damu na kuwa nyeusi. Maswali matano mafupi yanaweza kuandamana nayo:

(i) Alama ilianza yenyewe au baada ya kugongwa, kuchomwa sindano au kuchanjwa chale?
(ii) Inauma au haiumi?
(iii) Ikibonyezwa, rangi inafifia au inabaki?
(iv) Imeenea kwa saa, kwa siku au kwa wiki?
(v) Kuna damu ufizini, puani, kwenye mkojo au kwenye choo?

Maswali haya hayahitaji mashine. Yanaweza kuulizwa na mhudumu wa timu ya afya ya kijiji na majibu yake kuandikwa kwenye barua ya rufaa, ili daktari wa Mbarara asianze upya na mgonjwa aliyechoka.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mjadala uliofuata umejikita zaidi shuleni na katika utumishi wa umma. Njia ya Nakivale na Mbarara inaonyesha kwamba sekta ya afya inakihitaji kwa dharura kubwa zaidi, kwa kuwa huko kosa la neno moja hupimika kwa damu.

Mambo manne yanafaa kuzingatiwa na watunga sera. Kwanza, barua ya rufaa iwe na sehemu ya dalili za ngozi yenye istilahi zilizokubaliwa katika Kiswahili na Kiingereza. Pili, wakalimani wa vituo vya makazi wafunzwe tofauti ya kuvilia na kuziba kabla ya kufunzwa majina ya magonjwa. Tatu, mafunzo ya wahudumu yatumie picha za ngozi nyeusi zilizopatikana kwa ridhaa ya wagonjwa wa eneo husika. Nne, mwongozo wa kutenga washukiwa wa homa za virusi uelekeze kwamba mgonjwa mwenye tezi zilizovimba kwa muda mrefu afanyiwe hesabu ya damu akiwa karantini, na apelekwe kwenye huduma ya saratani mara virusi vinapokanushwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai dawa mpya. Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazoitikia tiba, na Uganda ilishiriki kuuthibitishia ulimwengu jambo hilo. Mgonjwa anayeweza kupona hapaswi kupotea njiani kwa sababu baka lililokuwa kwenye ngozi yake lilionekana, likaelezwa, kisha likatafsiriwa kinyume.